Tikiti milioni 12 kwa harusi nne: kilichouza ile filamu ya Kifaransa ya 2014 ni dini, rangi, au wakwe?

#1 KiingilioChaJioni (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Ninaleta hoja iliyonifanya nibishane na shemeji yangu wiki iliyopita hadi chai ikapoa mezani. Mwaka 2014 Wafaransa walitoa filamu ya vichekesho iitwayo "Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu?", jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "Tumemkosea nini Mungu?". Mzee Claude Verneuil na mkewe Marie, Wakatoliki wenye nafasi zao katika mji wa Chinon, wana binti wanne. Mmoja ameolewa na Mwislamu mwenye asili ya Algeria, mwingine na Myahudi, wa tatu na kijana mwenye asili ya China, na wazee wamebaki wakiomba usiku na mchana kwamba angalau kitinda mimba awaletee Mkatoliki. Naye akawaletea kijana wa Ivory Coast mwenye dini yake. Filamu hiyo iliuza tikiti takriban milioni 12.3 nchini Ufaransa peke yake na kuongoza mwaka mzima.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 2000 Marekani walitoa "Keeping the Faith", ambamo padri na rabi, marafiki tangu utotoni, wanampenda mwanamke mmoja. Bajeti yake ilikuwa karibu dola milioni 29, na mapato ya milangoni duniani kote yakaishia kwenye milioni 60 hivi. Majina makubwa yalikuwamo: Ben Stiller alikuwa rabi, na Edward Norton alikuwa padri huku akiiongoza filamu mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba filamu ya mahaba ya dini mbili huuzika pale inapoiacha dini nje ya ukumbi. Wafaransa walichekesha kuhusu chakula, majina na tabia za wakwe, wala hakuna aliyejadili imani. Wamarekani waliingia sinagogi na kanisani, wakajikuta wanahubiri. Shemeji yangu anasema nimekosea kabisa. Naomba mnihukumu.

#2 BinChuda

Mleta uzi, kabla hatujakuhukumu tungependa kumsikia shemeji, kwa sababu hukumu ya upande mmoja ni dhuluma. Mimi nina maslahi katika jambo hili, maana nimeoa nje ya dini yangu, na nitarudi kueleza. Kwa sasa naweka kiti.

#3 MamaTausi_Lyon

Asante kwa uzi. Niliitazama filamu hiyo ukumbini mwezi Mei 2014, wiki kadhaa baada ya kutoka, na bado tulipanga foleni hadi barabarani. Kinachonikaa kichwani ni jinsi ukumbi ulivyocheka kwa zamu, zaidi ya filamu yenyewe. Nyuma yangu waliketi mabinti watatu wenye asili ya Maghreb, mbele yangu wazee wawili wa Kifaransa ambao kwa mavazi yao ungedhani wametoka misa moja kwa moja. Mzaha ulipomwangukia Rachid, yule mkwe Mwislamu, nyuma yangu walicheka kwanza. Ulipomwangukia mzee Claude, wale wazee walipigana viwiko. Kisha ikaja Krismasi, mama wa nyumba akaoka bata mzinga watatu, mmoja wa halali, mmoja wa kosheri (halali ya Kiyahudi) na mmoja kwa mtindo wa Kichina, na hapo ukumbi mzima ukacheka kwa pamoja, kwa sababu kila mwanamke aliyewahi kupokea wageni wa sikukuu anajua uchovu ule.

Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba dini iliachwa nje. Dini ilikuwa jikoni, mahali ambapo kwa watu wengi ndipo inapoishi.

#4 Mhasibu_Mwanza

Ndugu mleta uzi, kabla ya falsafa turekebishe hesabu, kwa sababu unalinganisha vichwa na dola. Ufaransa hupima filamu kwa idadi ya tikiti, na hilo lina sababu ya kikodi: kila tikiti hukatwa kodi maalumu ya asilimia 10.72 inayokwenda kwenye CNC, kituo chao cha taifa cha sinema, ambacho huirudisha kusaidia filamu nyingine. Serikali ikiwa na mkono katika kila tikiti, tikiti huhesabiwa hadi ya mwisho. Marekani wao hutangaza fedha, na bei ya tikiti inapopanda kila mwaka, kila mwaka huzaliwa "rekodi".

Tikiti ya wastani Ufaransa mwaka ule ilikuwa euro 6 na senti kadhaa. Zidisheni kwa milioni 12.3, mtakaribia euro milioni 80 milangoni. Ondoeni kodi hiyo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa tikiti za sinema ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 5.5 mwaka huohuo, kisha mwachieni mwenye ukumbi karibu nusu ya kinachobaki. Kwa hesabu yangu msambazaji na watayarishaji waligawana zaidi kidogo ya euro milioni 30 kwa kazi iliyogharimu kama milioni 13, kabla ya kuuza nje na kabla ya televisheni. Hiyo ni faida ya kweli.

Sasa ipigieni hesabu ileile filamu ya rabi na padri. Katika milioni 60, kumbi zilichukua karibu nusu, na zile milioni 29 za bajeti hazina gharama za matangazo ndani yake. Kwa hiyo milangoni pekee haikuleta cha kujivunia, ingawa ni uonevu kuiita kaburi, kwa sababu enzi hizo DVD zililipa.

Na kwa faida ya wasiopenda desimali: mwaka 2014 Ufaransa iliuza tikiti milioni 209 hivi kwa filamu zote. Katika kila tikiti 17, moja ilikuwa ya familia ya Verneuil.

#5 Sahani_ya_Pili

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Kilichouza ni Christian Clavier, aliyecheza mzee Claude. Huyu ndiye aliyecheza "Les Visiteurs" mwaka 1993, iliyouza tikiti zaidi ya milioni 13, na ndiye Astérix katika ile ya Kleopatra ya mwaka 2002, iliyopita milioni 14. Mpeni Clavier asome orodha ya bei za vitunguu, Wafaransa watakata tikiti.

#6 MwanaKatanga

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku filamu za Kifaransa hatuhitaji kutafsiriwa, kwa hiyo niruhusiwe kusahihisha jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaugeuza uzi wote.

Mleta uzi ameandika katika #1 kwamba kitinda mimba alileta kijana "mwenye dini yake". Sivyo. Charles Koffi ni Mkatoliki. Huo ndio mtego wenyewe wa hadithi. Laure anawaambia wazazi kwamba amempata mchumba, anaitwa Charles, ni Mkatoliki, na wazazi wanakaribia kuruka kwa furaha, kwa kuwa sala imejibiwa neno kwa neno. Kisha wanamwona. Ikiwa shida ya mzee Claude ingekuwa dini, filamu ingemalizika hapo kwa soda na keki. Lakini ndipo inapoanza.

Na upande wa pili ni vilevile. Baba yake Charles, mzee André Koffi, mwanajeshi mstaafu, hataki kabisa mkwe Mzungu, wala haimhusu kwamba binti ni Mkatoliki kama wao. Kwa hiyo mnaoiita filamu ya dini mbalimbali mnasema kweli kwa wakwe watatu wa kwanza, ambao ni utangulizi. Kiini chake ni rangi, ukoloni, na wazee wawili wakaidi wanaofanana kuliko wanavyotaka kukiri.

#7 KiingilioChaJioni (mleta uzi)

MwanaKatanga, nimekubali kosa bila kinyongo. Niliitazama zamani na kumbukumbu ilinipa kile nilichokuwa nakitafuta. Hata hivyo naona umenisaidia: kama harusi inayobeba hadithi ni ya Mkatoliki na Mkatoliki, basi dini kweli iliachwa nje ya ukumbi, sawa na nilivyosema.

#8 BinChuda

Mleta uzi ni kama paka, akianguka lazima afikie miguu.

#9 MamaTausi_Lyon

Nami nimwongezee MwanaKatanga. Wale wakwe watatu si utangulizi tu. Wao wenyewe wanabaguana kuanzia dakika za mwanzo, Myahudi na Mwislamu wanarushiana maneno, wote wawili wanamgeukia Mchina, naye anawajibu. Halafu anapotangazwa wa nne, wote watatu, ambao walinyanyaswa na mkwe huyohuyo, wanaungana naye kumpinga Mwafrika. Hapo ukumbi wetu ulicheka, lakini kicheko kilikuwa na mkwaruzo.

#10 Zamani_za_Reli

Ninapenda sana hoja za rangi na dini, lakini mtu aliyewahi kuuza chochote ataanza na kalenda. Filamu mpya Ufaransa hutoka Jumatano. Hii ilitoka Jumatano ya tarehe 16 Aprili 2014, siku nne kabla ya Pasaka, katika majira ambayo shule hupishana likizo. Kombe la Dunia la Brazil halikuanza hadi Juni. Kwa takriban miezi miwili familia zilikuwa huru, na kitu cha kutazama pamoja na bibi kilikuwa hicho.

Tena tazama siasa za majira yale. Mwezi Machi palikuwa na uchaguzi wa manispaa, na tarehe 25 Mei uchaguzi wa Bunge la Ulaya, ambao chama cha Front National, cha mrengo wa kulia kinachopinga wahamiaji, kiliongoza kwa karibu robo ya kura. Gumzo zima la nchi lilikuwa juu ya nani Mfaransa na nani si Mfaransa. Filamu iliingia katikati ya gumzo hilo ikawaruhusu watu kucheka. Dirisha la tikiti haliulizi kadi ya chama, na nashuku aliyekipigia kura chama hicho na aliyekichukia waliketi safu moja, kila mmoja akiamini filamu iko upande wake.

#11 Sahani_ya_Pili

Kwa hiyo Clavier hakufanya lolote?

#12 Mhasibu_Mwanza

Ndugu Sahani, Clavier alifanya mengi, lakini hesabu haimbebi peke yake. Mwaka 2017 mwongozaji yuleyule, Philippe de Chauveron, na Clavier yuleyule, walitoa "À bras ouverts", nayo ikiwa ya vichekesho vya makabila, safari hii juu ya familia ya Waroma (Wajipsi) inayopiga kambi katika bustani ya tajiri. Iliuza tikiti milioni moja na kidogo. Mpishi ni yule, sufuria ni ile, na wali ukabaki.

#13 Sahani_ya_Pili

Labda hakupewa orodha ya vitunguu. Nakubali nusu.

#14 Upepo_wa_Kusi

Niko Muscat, na hapa kwetu mjadala wa mapato ya filamu hauanzi bila India. Mbona hakuna aliyeitaja "PK", iliyotoka Desemba ya mwaka huohuo 2014? Binti Mhindu wa India anampenda kijana Mwislamu wa Pakistani, watu wanacheka mwanzo hadi mwisho, na kwa wakati ule ilivunja rekodi ya mapato ya filamu za Kihindi. Hiyo inauvunja uzi wa mleta uzi, kwa sababu humo dini imeingia ukumbini na viatu vyake vyote, na fedha zikaja vilevile.

#15 Mwalimu_Bweni

Ndugu wa Muscat, hapo unachanganya mambo. Mapenzi ya Jaggu na Sarfaraz huanza Bruges, Ubelgiji, yakapotea, yakarudi mwishoni kufunga hadithi. Katikati yote ni Aamir Khan, kiumbe kutoka sayari nyingine, akiwauliza wafanyabiashara wa dini maswali ambayo mtoto angeuliza. Ni kejeli juu ya dini yenye mahaba pembeni. Wala usisahau kwamba Aamir Khan miaka ile alikuwa akivunja rekodi zake mwenyewe, hivyo ukitaka kujua kilichouza, jina lake linakuziba macho.

Ila mfano wako unanikumbusha kwamba jambo hili si geni hata darasani kwetu. Tuliosoma "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, tunakumbuka kwamba binti wa yule Myahudi mkopeshaji anatoroka usiku na kijana Mkristo, akabeba na kasha la mali ya baba yake. Tamthilia hiyo huhesabiwa miongoni mwa vichekesho vya Shakespeare. Wanafunzi wangu kila mwaka hucheka pale wanapotoroka, na kila mwaka hunyamaza baba anapogundua. Sijawahi kuwafundisha wanyamaze. Wafaransa wa 2014 waliiondoa sehemu ile ya kunyamaza, wakahakikisha hakuna binti anayetoroka wala anayebadili dini, na huenda hapo ndipo tikiti zilipo.

#16 Wakili_wa_Pembeni

Hoja ya Mwalimu kuhusu kubadili dini ni nzito kuliko alivyoiweka, na ningependa kuisogeza mbele.

Katika "Keeping the Faith" rabi anampenda mwanamke asiye Myahudi, na mwishoni tunagundua kwamba mwanamke alikuwa akisoma kimyakimya ili aingie Uyahudi. Katika "My Big Fat Greek Wedding" ya mwaka 2002 bwana harusi anabatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi ndipo mambo yakanyooka. Upande mmoja unahamia kwa mwingine. Katika filamu ya Chinon hakuna anayehama. Kwa nini? Kwa sababu sheria ya Ufaransa haikuulizi. Tangu 1792 ndoa inayotambuliwa ni ile ya ofisi ya meya, na kiongozi wa dini hawezi kuifungisha kabla ya meya. Ndiyo maana filamu inaanza na zile harusi za manispaa, moja baada ya nyingine, wazazi wakizidi kukunja nyuso huku maneno ya kiapo yakiwa yaleyale.

Linganisheni na Lebanon, ambako hakuna ndoa ya kiraia nchini, na wachumba wa dini mbili hupanda ndege kwenda Cyprus kuoana. Kwa mtu wa huko, hadithi hii ni ya visa, nauli na mirathi, na kicheko chake kina gharama nyingine. Sisi Tanzania tuko katikati: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatoa njia ya serikali, unatangaza kusudio siku 21, unafunga mbele ya msajili, na kila mmoja anabaki na dini yake. Njia ipo, ila wazazi ndio hawaijui, au wanajifanya hawaijui.

#17 Zamani_za_Reli

Wakili, somo limeeleweka na tunashukuru, lakini sheria hiyo ipo tangu 1792 na kwa miaka zaidi ya mia mbili haijauza hata tikiti moja.

#18 Wakili_wa_Pembeni

Sinema yenyewe ilichelewa kuvumbuliwa, ndugu yangu. Usiilaumu sheria.

#19 Dada_wa_Mikindani

Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyeligusa swali lingine: kwa nini kumbi za Marekani na Uingereza hazikuionyesha? Magazeti ya Ufaransa yaliandika mwaka ule kwamba wasambazaji wa huko waliiona na kuirudisha kwa kuhofia mizaha yake juu ya Weusi, Wayahudi na Waarabu. Wakati huohuo Ujerumani iliibatiza "Monsieur Claude und seine Töchter" na kuuza tikiti zaidi ya milioni 3. Wajerumani walilibadili jina, Mungu akatoka, akabaki Bwana Claude na binti zake. Hilo mleta uzi ulipaswa kulitumia kama ushahidi wako, nakupa bure.

Binafsi naamini Waingereza na Wamarekani hawakuwa na makosa kuogopa. Niliitazama na rafiki yangu mwenye asili ya China tulipokuwa tukisoma Ulaya. Alicheka mara mbili, kisha akaniuliza kwa nini Chao hana kitu kingine cha kufanya isipokuwa kuwa Mchina. Sikuwa na jibu. Mzee Claude amepewa bustani, huzuni nzito, mke anayemchoka, na nafasi ya kubadilika. Wakwe wamepewa pasi ya kusafiria na mzaha mmojammoja. Watu milioni 12 walikwenda kumtazama mzee wa Kifaransa akisamehewa.

#20 MwanaKatanga

Dada, hapo umeniacha nikitafuta pa kukujibu. Nitakupinga kwa jambo moja dogo: mzee Koffi hakuomba kusamehewa na mtu, na sehemu anazoonekana yeye ndizo zilizowafanya shangazi zangu kurudia DVD hiyo hadi ikakwaruzika. Baba wa Kiafrika mwenye kiburi, asiyemshukuru Mzungu kwa kupewa binti, hawakuwa wamemwona mara nyingi katika filamu ya Kifaransa. Kama mtu ataniuliza kwa nini familia za Kiafrika pale Paris zilikata tikiti, nitamtaja yeye kwanza.

#21 Kanzu_na_Tai

Mimi naona "The Big Sick" ya mwaka 2017 inauvuruga mjadala wote. Kijana wa familia ya Kiislamu ya Kipakistani, binti Mmarekani mweupe, mama anayeleta wachumba mezani kila chakula cha jioni. Iligharimu kama dola milioni 5. Ilianza katika kumbi tano tu mwezi Juni, ikapanuliwa polepole hadi Julai, na ikamaliza na zaidi ya dola milioni 56 duniani. Humo kijana anajifungia chumbani kana kwamba anaswali, kumbe anacheza na simu. Dini haijaachwa nje, imeulizwa swali gumu kabisa, na watu walilipa.

#22 Mhasibu_Mwanza

Ni kweli, lakini Amazon iliinunua kwa dola milioni 12 katika tamasha la Sundance, kwa hiyo mnunuzi alianzia kwenye shimo la 12 na gharama za kuitangaza, si la 5. Bado ililipa. Funzo lake la kibiashara ni kuanza na kumbi chache na kuacha maneno yatembee. Ile ya Kigiriki ilifanya hivyohivyo: bajeti ya milioni 5, dola milioni 241 Marekani Kaskazini, na katika miezi yote hiyo haikuongoza hata wikendi moja. Iliuza kama maandazi ya mama jirani, kidogokidogo, kila siku.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maneno kutembea, tazameni muendelezo wa Wafaransa. Sehemu ya pili, Januari 2019, tikiti milioni 6.7. Sehemu ya tatu, Aprili 2022, milioni 2.4. Wakwe ni walewale, wazazi walewale, dini zilezile. Kama dini au rangi ndiyo iliyouza, mbona bidhaa ileile ilipungua hivyo?

#23 Zamani_za_Reli

Kwa ya tatu usisahau janga. Mwaka 2022 kumbi zilikuwa bado hazijapona.

#24 Mwalimu_Bweni

Na kwa ya pili, wazazi walikuwa wameshazoea wakwe. Mkwe uliyemzoea ni mtu wa nyumbani, wala mtu halipi euro 6 kumtazama mtu wa nyumbani.

#25 Kanzu_na_Tai

Ongezeni jambo moja ambalo linanifanya nishuku hoja zote za Ufaransa. Majira hayohayo ya 2014, Machi, Hispania ilitoa "Ocho apellidos vascos", kijana wa Andalusia, kusini, anayejifanya Mbaski, mtu wa kaskazini mwa nchi, ili akubaliwe na baba wa binti. Wote ni Wahispania, dini si tatizo, rangi si tatizo. Iliuza tikiti zaidi ya milioni 9 katika nchi yenye watu wachache kuliko Ufaransa. Kilichobaki sawa katika filamu zote mbili ni baba mkwe. Msiponikubalia leo, mtanikubalia mtakapooa.

#26 KiingilioChaJioni (mleta uzi)

Kanzu, hayo ndiyo maneno ya shemeji yangu, karibu neno kwa neno. Naomba uthibitishe kwamba wewe siye yeye.

#27 Kanzu_na_Tai

Sina la kuthibitisha. Chai iliyopoa ilikuwa ya tangawizi.

#28 MamaTausi_Lyon

Nimecheka peke yangu ndani ya treni, watu wananitazama.

#29 BinChuda

Nilisema nitarudi. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, mke wangu ni Mkatoliki wa Moshi. Tulipita njia aliyoieleza Wakili katika #16, siku zile 21 zikabandikwa, tukafunga kwa msajili tukiwa na mashahidi wawili na mpigapicha aliyechelewa. Baba yake hakuja. Baba yangu hakuja pia, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyesusa.

Walikutana mara ya kwanza miaka miwili baadaye, mwanetu alipozaliwa. Walikaa benchi moja la hospitali kama abiria wasiojuana, kila mmoja na salamu yake fupi. Kisha baba yangu, kwa kujaza kimya, akataja kwamba ujana wake ameumaliza relini, Korogwe. Baba mkwe akamgeukia. Yeye alikuwa Moshi, reli ileile, miaka ileile, kabla ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kuanzia hapo sisi wengine hatukuwa na nafasi. Walitaja stesheni, wakataja mabosi waliokufa, wakabishana juu ya treni moja iliyochelewa ambayo kila mmoja aliamini ilicheleweshwa na upande wa mwenzake. Ndiyo maana sehemu ya filamu ambapo mzee Claude na mzee Koffi wanakwenda kuvua samaki, wakagundua wote ni wafuasi wa Jenerali de Gaulle, mimi sikuicheka. Niliitazama kama habari.

#30 Dada_wa_Mikindani

Sasa hapo BinChuda umeuza tikiti. Je, hao wazee wameiona filamu yenyewe?

#31 BinChuda

Dada, niliwaonyesha sikukuu iliyopita, sebuleni kwetu, mke wangu akifasiri kwa sauti kwa sababu alisoma Kifaransa chuoni. Kwa heshima ya Mhasibu nilihesabu vichwa: tulikuwa saba, na mapato ya mlangoni yalikuwa sifuri. Baba mkwe alisinzia kabla hawajafika kwenye samaki. Baba yangu alitazama yote bila kucheka hata mara moja, akaomba turudishe nyuma hadi pale kwenye bata mzinga watatu, akatazama tena, halafu akauliza ni nani aliyewalipia wote watatu.